Mwalimu Aliyekosa Mlima Kibiti

Sijui Mwalimu wetu wa Jiografia alizaliwa mwaka gani wala ni wa ukoo upi. Najua tu kwamba alizaliwa juu. Hilo alituambia siku ya kwanza alipoingia Kidato cha Kwanza, kabla hata hajatuambia tukae. Alisimama mlangoni, akatazama dirisha la upande wa uwanja, akatazama dirisha la upande wa barabara, akashusha pumzi kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha kupanga asichokipenda.

"Hivi nyie," akasema, "mkitaka kuona mbali huwa mnapanda wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mimi huwa sijibu hata nikiulizwa jina. Lakini Sudi wa dawati la nyuma, ambaye kwao ni Salale, kule deltani, na hajanyamaza tangu siku aliyoshuka kwenye boti kuja kusoma, akasema, "Mnazi, Mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, na ndipo vita vilipoanza.

Niseme kwanza kuhusu Kibiti, kwa asiyepajua. Ni barabara kubwa iendayo kusini, maduka pande mbili, stendi, machungwa, mchanga, basi. Ukimwaga maji hapa hayajui yaende wapi. Na huku ndiko juu! Ukishuka deltani, kwetu Mbuchi, kumelala zaidi: nusu ya siku ni nchi kavu, nusu ya siku ni maji, na mikoko imesimama katikati haijui imfuate nani. Mimi niko Kibiti kwa Shangazi kwa ajili ya shule. Kwa hiyo kwangu mimi Kibiti ilikuwa mlima tosha. Kwa Mwalimu ilikuwa adhabu.

Kwao ni Lushoto. Alivyolitamka hilo jina ungedhani ni peponi na kuna mtu kamfukuza. Kwa maneno yake ni mji mdogo uliojikunyata bondeni, mapaa mekundu, misitu imeuzunguka pande zote, na ukitoka nje ya mji kwa mguu kila njia inakupeleka kwenye kitu cha kukuzubaisha. Huku mwamba wa Irente, unasimama ukingoni nyika yote imelala chini yako mpaka macho yanachoka. Huku msitu wa Magamba, mbega wanarukia matawi na vinyonga wana pembe. Njiani, maporomoko ya Soni. Sokoni mapeasi yamepangwa mafungu mafungu. Tuliyajua hayo kabla hatujaijua mikoa ya nchi yetu. Ukituuliza mji mkuu wa Zambia tunaangaliana, lakini ukituuliza mtu akitoka sokoni Lushoto kwenda Irente anakunja wapi, hata aliyelala anaamka anakujibu.

Alikuwa na sweta la rangi ya kahawa na maziwa. Alilivaa Kibiti. Alilivaa mwezi wa pili, jua likiwa limekaa kwenye bati la darasa kama kuku anayeatamia. Jasho lilimtoka usoni, likamshuka shingoni, likaingia kwenye sweta, na yeye anaendelea kuandika ubaoni. Sudi akamuuliza siku moja, kwa adabu ile ya kinafiki, "Mwalimu, husikii joto?"

"Nasikia. Lakini mwili ukiuendekeza unasahau ulikotoka."

Shangazi alipomwona sokoni na lile sweta akaniuliza, "Mwalimu wenu anaumwa?" Nikamwambia hapana, anatoka Lushoto. Akasema, "Basi hilo nalo lina dawa yake, warudisheni watu kwao."

Na kuchora! Hakuna mada ambayo hakuingiza mlima. Tukisoma kilimo, anachora mlima wenye matuta. Tukisoma idadi ya watu, anachora mlima una watu wamesimama kwa mistari kama kwenye picha ya harusi. Tukisoma usafiri, mlima una barabara imejizungusha. Siku tulipofika kwenye mada ya delta, tukakaa vizuri, tukasema leo ni yetu. Akachukua chaki, akachora mstari mmoja ulionyooka kutoka ukutani mpaka ukutani. Akapangusa mikono. "Kwenu hapo," akasema.

Alikuwa na nadharia yake, ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote. Mto, alisema, una ujana, utu uzima na uzee. Mlimani mto ni kijana, una nguvu, unakata miamba. Katikati unapata busara. Ukifika pwani umezeeka, unajikokota, unamwaga matope, unakufa. Hapo sawa, hayo yamo vitabuni. Lakini yeye aliendelea: na watu ni hivyohivyo. Wa mlimani wepesi, wa pwani wazito. "Nyie si wavivu," akatuambia kwa huruma, "nyie mnaishi mahali mto unapofia. Mtapata wapi haraka?" Shani, niliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Tumepewa pole ya msiba." Nilicheka kimya mpaka machozi, maana mimi hata kucheka nacheka kwa siri.

Kidato cha Pili akatupeleka Salale kuona mikoko. Mwenye boti alikuwa mjomba wake Sudi. Tukaingia kwenye mkono mmoja mwembamba wa mto, Mwalimu kasimama mbele na kofia yake, anaeleza mizizi. Anaeleza, anaeleza. Sudi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tukichelewa hapa maji yatapwa."

"Sudi, sura ya mito ni mwezi ujao. Kaa."

"Lakini Mwalimu, haya maji..."

"Mto ni mto. Unatoka juu, unashuka chini. Kaa!"

Mjomba akamtazama Mwalimu, akatazama maji. "Mwalimu hana haraka?"

"Mimi nafundisha, mzee wangu. Sina haraka."

"Haya," mjomba akasema, akajilaza, akajifunika kofia usoni.

Maji yakaondoka taratibu, bila kelele, kama wageni wanaoondoka kwenye shughuli isiyo na chakula. Boti ikakaa kwenye tope. Tulikaa humo tukala mihogo yetu yote, tukaimba nyimbo zote tunazozijua, kaa wakatoka kututazama. Kisha maji yakaanza kurudi, yakitokea upande wa bahari, yanaelekea bara. Mwalimu akayatazama muda mrefu. Akatupa jani majini, jani likaenda juu.

"Huu mto," akauliza polepole, "unapanda?"

"Unapanda, Mwalimu," tukajibu boti nzima.

Ule ukimya wake ulikuwa mtamu. Lakini haukudumu. Boti ilipoinuka akarekebisha kofia, akasema, "Ndiyo maana nasema. Hata mto wenu haujui unakokwenda."

Hapa lazima niseme kitu kinachoniharibia stori: alikuwa anafundisha. Namaanisha anafundisha kweli. Ile mistari ya kwenye ramani inayoonyesha mwinuko ilitushinda sote, maana mtu ambaye hajawahi kuona kilima utamwelezaje mistari ya kilima? Akaja na kiazi kitamu kilichochemshwa. Akakilaza juu ya karatasi, akakikata vipande vya kulala, kimoja juu ya kingine, na kila kipande akakizungushia kalamu mahali pake. Alipomaliza, karatasini palikuwa na duara ndani ya duara ndani ya duara. "Huu ni mlima umeuangalia kutoka mbinguni," akasema. Nikauona. Ghafla tu, nikauona umesimama pale mezani. Kisha akaula mlima wote mbele yetu bila kumkaribisha mtu.

Tangu siku ile nikajua ninachotaka. Nataka kuwa mpima ardhi. Kwetu Mbuchi mto unahama. Shamba la mpunga la bibi yangu limeliwa na maji upande huu, udongo umeibukia upande wa pili, na upande wa pili kuna watu wanasema ni wao tangu enzi na enzi. Kila mwaka wanagombana, kila mtu ananyoosha kidole mahali ambapo sasa ni maji. Nataka niwe mtu anayeweza kuja na karatasi na kusema, palikuwa hapa. Bila Jiografia nzuri Kidato cha Nne hilo sahau. Sikumwambia mtu, hata Shani. Lakini ndiyo sababu nilikuwa nacheka kimya na kuandika sana.

Sasa kubadilishana. Walimu wa huku, ukitaka kuhama, njia ya haraka ni kumpata mwalimu wa huko unakokutaka ambaye anakutaka huku uliko. Mnabadilishana vituo. Wana hadi makundi yao kwenye simu, mmoja anaandika yuko wapi na anataka wapi, kama watu wanaotafuta wachumba. Mwalimu wetu alikuwa mchumba mgumu. Nani aliyeko Lushoto anataka Kibiti?

Siku moja mimi na Shani tulikuwa tunafagia nyuma ya ofisi ya walimu, tukamsikia anaongea na simu upande wa pili wa ukuta. Sauti ilikuwa yake, maneno sikuyatambua.

"Kibiti? Dada yangu, Kibiti ni mjini kabisa. Lami mlangoni. Dar unaenda asubuhi, jioni umerudi... Samaki? Usiseme! Kamba unakula mpaka unawakinai... Joto? Hapana, pana upepo. Upepo wa mto, mwanana kabisa." Tukasikia kofi, anajipiga shingoni. "Mbu? Mbu gani? Mimi chandarua nafunikia vitabu." Akanyamaza kidogo, nadhani dada kamuuliza kuhusu sisi. "Watoto wa huku? Wasikivu sana. Wana akili. Yaani unasema mara moja, wameshika."

Shani aliniminya mkono mpaka ukauma. Hatukuwa tumewahi kusifiwa na yule mtu, na hata hapo alikuwa anatuuza.

Yule dada hakununua. Wala aliyefuata. Kati ya mteja mmoja na mwingine, Mwalimu akajipoza kwa kuanzisha klabu ya kupanda mlima. Nyuma ya shule palikuwa na rundo la kifusi lililoachwa na wajenzi. Jioni ya michezo wenzetu wanacheza mpira, sisi wa klabu tunapanda kifusi. Tunapanda, tunafika juu, tunaambiwa tuvute hewa, tunashuka. Bibi kizee mmoja aliyekuwa akipita na kuni alisimama akatutazama, akauliza, "Wamepoteza nini hao?"

Basi Kidato cha Tatu shule ikapata basi, na Mwalimu akapata alichokililia: safari ya kwenda Lushoto. Alitutangazia kwa wiki nzima habari ya baridi. Leteni masweta, leteni makoti, leteni soksi. Lakini huyu mtu alikuwa ametuambia habari ya baridi kila siku tangu Kidato cha Kwanza, tukawa hatuisikii tena, kama usivyosikia friji inavyonguruma dukani. Hakuna aliyebeba sweta. Shani alibeba khanga na feni ya mkono.

Kutoka Mombo basi likaanza kupanda. Kona, kona, kona. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. Sisi watu wa deltani tumezoea kuyumba, lakini kuyumba na kitu chini yako. Wengine walitapika, Shani alisoma dua zote alizofundishwa madrasa na kuongeza za kwake. Sudi alinyamaza. Kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa amesimama mbele kashika bomba, anaitaja kila kona kwa furaha kama anatutambulisha kwa ndugu zake.

Tulishuka sokoni alasiri tunatetemeka kama kuku walionyeshewa, khanga mbili mbili, walinzi wa maduka wanatucheka. Na yeye akasimama katikati ya soko, sweta lake hatimaye mahali pake, akivuta hewa macho yamefumba. Akaja kijana mmoja mwenye kofia ya sufu, wale wanaotembeza watalii.

"Karibu Lushoto, mzee. Nikupeleke ukaone mandhari? Naona mgeni."

Mwalimu akafumbua macho. Akamjibu kwa Kisambaa, maneno mengi, kwa fahari. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akamjibu kwa Kiswahili, "Unajitahidi, mzee. Nani alikufundisha?"

Sikucheka hapo. Wengine walicheka, mimi nilitazama mapeasi.

Asubuhi tukapanda kwenda Irente. Njia nzima anatuhimiza, karibu, karibu, mtaona, leo mtajua kwa nini nasema. Tukafika mwambani. Ukungu. Si ukungu kidogo: ulikuwa kama mtu katundika shuka jeupe mbele ya pua yako. Mbele ya mwamba hapakuwa na nchi. Tukangoja. Haukuinuka. Mwalimu akasogea ukingoni, akanyoosha kidole ndani ya weupe na kuanza kufundisha.

"Chini hapa moja kwa moja, Mazinde. Mashamba ya mkonge, yamenyooka kama mistari ya daftari. Reli inapita. Kushoto kidogo, Mombo. Kulia kule mbali, milima ya Pare."

Sudi, sauti imemrudia, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na pale katikati?"

"Katikati ni nyika."

"Na juu ya nyika?"

"Ndege wakubwa, wanazunguka."

"Na hicho cheupe?"

Mwalimu akamtazama. "Hicho ni ukungu, Sudi."

Watu walikaa chini kwa kicheko. Kidole bado kilikuwa hewani.

Kisasi chake alikipata Soni, tukiwa tunarudi. Basi lilisimama tuone maporomoko. Maji yanaruka mwambani, yanapiga kelele, povu. Tukayatazama, tukaketi. Baada ya muda Sudi akauliza, na safari hii hakuwa anatania, "Mwalimu, yanageuka saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka, maana sote tulikuwa tunangoja hilohilo. Kwetu ukifika mtoni unauliza maji yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, ndiyo salamu ya mto. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia mapeasi alilazimika kutua beseni ili acheke vizuri.

"Hayageuki, mwanangu," Mwalimu akasema, polepole, akiila kila silabi. "Haya ni maji yanayojua yanakokwenda."

Stori hiyo aliisimulia kila darasa, kila kidato, mwaka mzima. Kidato cha Kwanza wakituona wanatuuliza, "Kaka, dada, yanageuka saa ngapi?"

Kisha tukaingia Kidato cha Nne, na baada ya likizo ya mwezi wa sita Mkuu wa Shule akatangaza mstarini: Mwalimu wa Jiografia amepata mtu wa kubadilishana naye, anarudi kwao. Mistari yote ililipuka. Makofi, vigelegele, Sudi alirusha kofia. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na walimu wenzake, anatazama mbele.

Nilikuwa bado napiga makofi Mkuu alipoendelea. Mwalimu anayekuja kwa sasa yuko likizo ya uzazi. Atafika mwaka mpya. Mtihani wetu ni mwezi wa kumi na moja. Mwalimu mwingine wa Jiografia shuleni hakuna. Mikono yangu ikabaki hewani.

"Tutajisomea," Shani akasema darasani.

"Ramani utajisomea?"

"Kwani viazi sokoni vimeisha?"

Nilipomsimulia Shangazi jioni, alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Nenda kamwambie abaki mpaka mtihani."

"Siwezi, Shangazi."

"Huwezi kwa nini? Mdomo umepewa wa kulia chakula tu?"

"Amesubiri miaka. Asiporipoti huko wiki ijayo uhamisho unafutwa, anaanza upya."

"Hilo la kwake, atalisema yeye. Wewe sema la kwako. Ukiendelea hivyo utakuja kuolewa na usiyemtaka kwa kushindwa kusema hapana."

Jumamosi asubuhi nikaenda. Alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya barabara ya stendi, nyuma ya genge la mama muuza mihogo. Mlango ulikuwa wazi. Mabegi mawili yamefungwa, katoni za vitabu zimefungwa kamba, kitanda hakuna, na Mwalimu ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri njia nzima. Yakatoka yote kwa pumzi moja, mabaya. Kwamba asiende. Kwamba abaki mpaka mtihani. Kwamba nataka kuwa mpima ardhi, na shamba la bibi liko majini, na ramani siwezi peke yangu.

Alinitazama kama ndoo iliyoongea. "Wewe una sauti?"

Nikatazama kamba za katoni.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Wenzako walipiga makofi. Niliyasikia."

"Walipiga."

"Na wewe?"

"Kidogo."

Akaguna. Akaangalia nje, ambako mama wa mihogo alikuwa anapepea jiko. "Hivi mkinicheka, mnacheka nini hasa? Niambie. Mimi naondoka, huna cha kuogopa."

Nikamwambia. Sweta. Kifusi. Kiazi alichokula peke yake. Simu ya mbu.

"Mlisikia ile simu?"

"Tulisikia."

"Mpaka pale pa watoto wasikivu?"

"Mpaka hapo."

Akajipangusa uso kwa mkono. "Sasa ningesemaje? Nani angekuja?" Kisha akanigeukia kwa ghafla. "Ukungu je? Hapo mlikosea kucheka. Nilionyesha sawasawa kila kitu."

"Najua, Mwalimu. Nilitazama kwenye ramani tuliporudi."

"Ukaona!"

"Mazinde sawa. Pare sawa. Mombo hapana. Mombo iko kushoto zaidi ya ulikoonyesha. Zaidi sana."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nadhani nilikuwa nimeshaanza kuongea na sikujua panapozimwa.

"Mombo?" akasema. "Mimi? Mombo nimeipita tangu nabebwa mgongoni!" Akainuka, akakata kamba ya katoni kwa meno, akatupa vitabu huku na huku, akatoa ramani, akaitandaza sakafuni. Tukapiga magoti. Akaweka kidole Irente, akapima kwa uzi. Akapima tena. "Uzi unavutika huu. Leta rula." Nikampa rula. Akapima. Akaigeuza ramani, kana kwamba mji ungeweza kusogea tukiwa tunatazama upande mwingine. Kisha akakaa kitako sakafuni.

"Haipo nilikoonyesha," akasema.

Nikaiokota rula.

"Nilionyesha kwa yakini kabisa. Mbele za watu."

Mama wa mihogo akamwita mteja. Lori likapita, dirisha likatetemeka. Mwalimu alikuwa bado anaitazama Mombo.

"Nisiporipoti wiki ijayo uhamisho umekufa," akasema.

"Najua."

"Aliyekubali huku alikuwa mmoja tu, nchi nzima. Mume wake anafanya kazi Kibiti, masikini, hakuwa na la kufanya. Mwingine simpati. Ile habari ya mbu haina tena wa kuiamini."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua, unajua." Akaikunja ramani kwa hasira, mikunjo isiyo yake. "Mpaka mtihani. Siku mkiweka kalamu chini naanza kutafuta mtu, na usije hapa tena na sauti yako. Kamwambie fundi arudishe kitanda changu."

Fundi ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyegawiwa kitanda kile jana yake. Niliwapata Shani na Sudi stendi, nikawaambia waje tubebe.

"Anabaki?" Sudi akashika kichwa. "Jamani, mbona tulishashangilia?"

Fundi naye hakufurahi. "Mwalimu, nimeshakilalia!"

"Basi umeshajua kinalia upande wa kushoto. Kitoe."

Tukakibeba, Sudi na fundi mbele, mimi na Shani nyuma. Jua linawaka, mchanga unaunguza, barabara imelala bapa kama sinia. Mwalimu akatangulia. Hakugusa kitanda, alinyoosha mkono mbele na kutuongoza.

"Taratibu hapo, pana mteremko. Sudi, usitazame chini, utapata kizunguzungu."

Chini palikuwa na ganda la chungwa.

"Bibi mpima, inua upande wako. Tunakata kona sasa. Kona kali hii."

"Mwalimu, barabara imenyooka," Sudi akahema.

"Pumua kwa pua."

Magari yalisimama kutupisha, watu wa stendi wakatoka kutazama. Tulipofika gengeni, njia ilikuwa imezibwa na jiko na mabeseni. Mama wa mihogo akatutazama, kitanda, watu wanne, na yule mtu mbele yetu anayetweta bila kubeba kitu.

"Nani anahama?" akauliza.

"Hahami mtu, mama," Mwalimu akasema. "Tupishe, tunapanda."